Hodi Kabla ya Nyundo: Uhalali na Hatari ya Polisi Kuvunja Mlango Bila Kujitambulisha

Sekunde ngapi zinamtosha mtu aliye bafuni kusikia mlango ukigongwa, kufunga maji, kujifunga taulo na kwenda kufungua? Swali hilo lilifika mbele ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2003. Kisa chenyewe kilitokea mwaka 1998 huko North Las Vegas, jimbo la Nevada. Saa nane mchana polisi walifika kwenye nyumba ya mtu aliyeshukiwa kuuza kokeni. Waligonga, wakapaza sauti kwamba wana hati ya upekuzi, wakasubiri sekunde 15 hadi 20, kisha wakauvunja mlango. Mwenye nyumba alitokea akichuruzika maji, akasema hakusikia lolote kabla ya kishindo. Majaji wote tisa waliona muda ule ulitosha. Kinachopimwa, walieleza, si muda wa mtu kufika mlangoni, bali muda wa mtu kuimwaga kokeni chooni.

Huyo angalau aligongewa. Mhadhara huu unahusu zaidi wale wasiopewa hata sekunde hizo: watu wanaozinduliwa usingizini na mlango unaong'oka, wasijue aliyeingia ni askari au jambazi. Dai lake ni moja. Hodi ya polisi ni kinga ya uhai, wa aliye ndani na wa askari aliye nje, na serikali inapoiondoa hutengeneza yenyewe hatari ile inayodai kuikimbia. Ushahidi mwingi unatoka Marekani kwa sababu huko jambo hili lina zaidi ya miaka 50 na kumbukumbu zake za mahakama ziko wazi. Lakini kanuni inayobishaniwa kule na sheria za upekuzi za Kenya na Tanzania zimetoka katika shina moja, kwa hiyo msikilizaji wa Mombasa au wa Morogoro hayuko mbali na mjadala huu.

Kanuni ya mwaka 1604

Shina hilo ni kesi ya Semayne, iliyoamuliwa London mwaka 1604. Semayne alikuwa anadai deni kwa mtu aliyefariki, na mali ya marehemu ilibaki katika nyumba ya eneo la Blackfriars aliyokuwa akiishi pamoja na Gresham. Afisa wa mahakama alipokuja kukamata mali hiyo, Gresham alifunga mlango. Edward Coke, mwanasheria mkuu wa wakati huo, ndiye aliyeiandika hukumu ikasomwa na vizazi. Ilisema nyumba ya mtu ni ngome yake. Hata hivyo, pale shauri linapomhusu mfalme, ngome hiyo haiwezi kumzuia afisa wake: anaweza kuuvunja mlango, mradi kwanza aseme amekuja kwa jambo gani na aombe afunguliwe. Sababu iliyotolewa ni ya kiutu. Huenda mwenye nyumba hana habari ya shauri lenyewe, na kama angejua angefungua kwa hiari, mlango ukapona na watu wakapona.

Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki hakungoja London imfundishe jambo hili. Aya ya 27 ya Suratun-Nur inawaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu waliomo. Mtoto wa Lamu hufunzwa hodi kabla hajafunzwa kusoma. Jipya alilolileta Coke ni kuifunga mikono ya serikali kwa adabu hiyo hiyo: hata aliyebeba amri ya mfalme alazimike kujitaja.

Kanuni ikavuka bahari. Mwaka 1761 mjini Boston, wakili James Otis alisimama mahakamani kupinga hati za jumla zilizowaruhusu maofisa wa forodha wa Uingereza kuingia nyumba na maghala kusaka magendo bila kutaja wanakokwenda wala wanachotafuta. Alishindwa kesi, lakini hasira ile haikuzimika. Mwaka 1791 taifa jipya liliandika katika Marekebisho ya Nne ya Katiba kwamba watu wana haki ya kuwa salama katika nafsi zao, nyumba zao na nyaraka zao dhidi ya upekuzi usio na msingi, na kwamba hati lazima itaje mahali penyewe na kitu chenyewe.

Ruhusa ya kutopiga hodi

Kwa muda mrefu kanuni ilishikiliwa kwa uzito. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ilifuta hatia ya mtu aliyekamatwa Washington kwa kosa la dawa za kulevya, kwa sababu tu maofisa waliukata mnyororo wa mlango wake na kuingia bila kueleza vya kutosha wao ni nani na wamefuata nini. Ushahidi uliopatikana ulikuwa wa kweli, na bado ulitupwa.

Mambo yaligeuka mwaka 1970. Rais Richard Nixon alikuwa ameahidi kupambana na uhalifu, na Bunge likapitisha sheria ya dawa za kulevya iliyowaruhusu maofisa wa serikali kuu kuomba hati ya kuingia bila hodi, pale hakimu atakaporidhika kwamba ushahidi utaharibiwa upesi au kwamba kugonga kutahatarisha maisha. Matunda yake yalionekana haraka. Usiku mmoja wa Aprili 1973, katika mji wa Collinsville, jimbo la Illinois, maofisa walivamia nyumba mbili za familia mbili tofauti, wakawaelekezea bastola, wakavunja samani. Nyumba zote mbili zilikuwa si zile walizozitafuta. Mwaka 1974 Bunge lile lile likaifuta ruhusa hiyo.

Hapo ndipo hadithi ingeweza kuishia. Haikuishia. Mlango uliofungwa na Bunge ulifunguliwa taratibu na mahakama, na polisi wa majimbo na miji walikuwa tayari na vikosi vyao. Kikosi maalumu cha silaha na mbinu, kinachojulikana kwa jina la SWAT, kilianzia Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya wadunguaji na watekaji. Mtafiti Peter Kraska wa Chuo Kikuu cha Eastern Kentucky alikadiria kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikosi vya aina hiyo vilitumwa kazini mara zipatazo 3,000 kwa mwaka nchini kote. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 makadirio yake yalifika mara 50,000.

Je, wadunguaji na watekaji waliongezeka kiasi hicho? Mwaka 2014 chama cha kutetea haki za raia cha ACLU kilichunguza misako zaidi ya 800 iliyofanywa na vikosi hivyo katika miaka ya 2011 na 2012. Asilimia 79 ilikuwa ya kutekeleza hati za upekuzi wa nyumba, na asilimia 62 ilikuwa ya kutafuta dawa za kulevya. Utekaji, mtu aliyejifungia na silaha, au mtu anayemimina risasi hadharani, yaani kazi ambayo vikosi viliundiwa, ilichukua asilimia 7 tu.

Mahakama yatoa kwa mkono mmoja

Mwaka 1995, katika kesi iliyoanzia mji mdogo wa Malvern, Arkansas, Jaji Clarence Thomas aliandika kwa niaba ya majaji wote kwamba kugonga na kujitangaza ni sehemu ya kipimo cha Katiba. Polisi wasipopiga hodi, upekuzi wao unaweza kuwa batili. Lakini hukumu hiyo hiyo iliacha nafasi kwa hali za kipekee.

Wisconsin ikajaribu kuigeuza nafasi hiyo kuwa barabara kuu. Mahakama za jimbo zilisema kila msako mkubwa wa dawa za kulevya ni hali ya kipekee. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilikataa: hakuna kosa linaloondoa hodi kwa jina lake tu. Askari lazima awe na shaka ya msingi, katika kesi ile mahususi, kwamba kugonga kutaleta hatari, hakutasaidia kitu, au kutatoa mwanya wa kuharibu ushahidi. Kwa maandishi hiki ni kizuizi. Kwa vitendo ni uzio mfupi, kwani dawa karibu zote zinaweza kumwagwa na nyumba nyingi za Marekani zina bunduki. Hakimu anayeletewa hati ya kiapo usiku, na askari aliye na haraka, bila mtu wa upande wa pili wa kumjibu, huwa na sababu chache za kukataa.

Kisha ikaja hukumu iliyoondoa meno. Mwaka 1998 polisi wa Detroit walifika kwenye nyumba, wakatangaza, wakangoja sekunde tatu hadi tano, wakafungua mlango ambao haukuwa umefungwa kwa ufunguo, wakakuta dawa na bunduki. Serikali ya jimbo la Michigan ilikiri kwamba kanuni ya hodi ilivunjwa. Lililobaki ni swali moja: je, ushahidi utupwe? Mwaka 2006, majaji watano dhidi ya wanne, Mahakama ilijibu hapana. Jaji Antonin Scalia alieleza kwamba polisi wangeukuta ushahidi huo hata kama wangegonga vizuri, na kwamba raia aliyedhulumiwa anaweza kufungua kesi ya madai, huku nidhamu ndani ya jeshi la polisi ikiwa bora kuliko zamani. Jaji Stephen Breyer, kwa niaba ya wanne walioshindwa, alionya kwamba haki isiyo na tokeo haina kitu cha kumzuia askari.

Kuna riwaya inayosimuliwa sana katika darsa za dini, ya Khalifa Umar. Alisikia kelele za ulevi katika nyumba usiku, akaruka ukuta, akamkuta mtu na pombe yake. Mtu yule alimjibu: mimi nimeasi mara moja, wewe umeasi mara tatu, kwa kupeleleza, kwa kuingia pasipo mlangoni, na kwa kuingia bila ruhusa wala salamu. Umar akamwacha. Pombe ilikuwepo mbele ya macho yake, lakini njia iliyomfikisha kwenye ushahidi ilimnyima haki ya kuutumia. Swali hilo hilo ndilo majaji wa Washington walilijibu vingine mwaka 2006.

Walio nyuma ya mlango

Katika miaka ya karibuni orodha ya watu waliokufa milangoni mwao imekuwa ndefu. Uchunguzi wa gazeti la The New York Times uliochapishwa mwaka 2017 ulihesabu vifo visivyopungua 94 katika misako ya kuvunja milango, ya kugonga na ya kutogonga, kati ya mwaka 2010 na 2016: raia 81 na askari 13. Idadi ya askari isomwe kwa makini sawa na ya raia. Mbinu inayoelezwa kuwa ya kumlinda askari ilizika wastani wa karibu askari wawili kila mwaka.

Atlanta, Novemba 2006. Bibi wa miaka 92, aliyeishi peke yake nyuma ya nondo kwa sababu mtaa wake ulikuwa na wezi, alisikia watu wanavunja mlango. Alikuwa na bastola kuukuu. Alifyatua risasi moja, haikumpata mtu. Polisi walijibu kwa risasi 39. Hapakuwa na dawa za kulevya ndani, kwa hiyo askari wakapandikiza bangi. Hati ya kuingia bila hodi ilikuwa imepatikana kwa kiapo cha uongo kwamba mpasha habari alinunua kokeni pale. Askari watatu walihukumiwa vifungo vya jela mwaka 2009.

Houston, Januari 2019, uongo wa namna ile ile. Askari Gerald Goines aliapa mbele ya hakimu kwamba mpasha habari wake alinunua heroini katika nyumba ya wanandoa. Ununuzi huo haukuwahi kufanyika. Polisi walivunja mlango, mbwa wa nyumba akapigwa risasi, majibizano yakazuka, mume na mke wakafa, na askari wanne wakajeruhiwa kwa risasi. Heroini haikupatikana. Mwaka 2024 Goines alitiwa hatiani kwa mauaji na kuhukumiwa miaka 60.

Habersham, kaunti ya mashambani katika jimbo la Georgia, Mei 2014. Familia iliyounguliwa nyumba Wisconsin ilikuwa imepewa hifadhi na ndugu. Mtu aliyetafutwa, kwa kuuza dawa za thamani ya dola 50, hakuwepo. Askari walirusha guruneti la kishindo na mwanga, likaangukia kitanda cha mtoto wa miezi 19, likamchoma uso na kifua. Alinusurika baada ya upasuaji wa kurudiarudia. Ofisa aliyeomba hati alishtakiwa katika mahakama ya serikali kuu, akaachiwa.

Kisa cha Breonna Taylor ndicho kilichofika mbali zaidi, na kina jambo ambalo mara nyingi husimuliwa vibaya. Hakimu wa Louisville, Kentucky, alitia saini hati ya kuingia bila hodi Machi 2020. Kabla ya msako, polisi walisema baadaye, waliagizwa wagonge na wajitangaze. Walifika baada ya saa sita ya usiku wa kuamkia Machi 13. Mpenzi wa Taylor aliyekuwa naye kitandani alisikia kugongwa, lakini alisema hakusikia neno polisi. Majirani wengi nao walisema hivyo hivyo. Mlango ulipovunjwa alifyatua risasi moja, ikampata askari pajani. Askari watatu wakafyatua risasi 32. Taylor, mhudumu wa chumba cha dharura hospitalini mwenye umri wa miaka 26, alipigwa sita. Dawa za kulevya hazikupatikana.

Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba tatizo ni karatasi yenye maneno "bila hodi" pekee. Kugonga bila kujitaja, saa ambayo watu wamelala, na kuvunja kabla hawajaamka, hufikisha watu pale pale. Na nyuma ya msako wa Louisville pia kulikuwa na kiapo kibovu: mwaka 2022 mpelelezi mmoja alikiri kushiriki katika kuingiza madai ya uongo kwamba vifurushi vya mshukiwa aliyekuwa akichunguzwa vilithibitishwa kufikishwa nyumbani kwa Taylor.

Minneapolis, Februari 2022. Amir Locke, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa amelala kwenye kochi katika nyumba ya jamaa yake. Jina lake halikuwemo katika hati. Muda mfupi kabla ya saa moja asubuhi polisi waliingia kwa ufunguo waliopewa, wakipiga kelele. Alijitokeza chini ya blanketi akiwa na bastola aliyoimiliki kihalali, akapigwa risasi kabla sekunde kumi hazijapita tangu waingie. Mwendesha mashtaka hakumshtaki askari. Polisi wa mji jirani wa St. Paul, ambao kesi ilikuwa yao, walikuwa wameomba hati ya kawaida ya kugonga. Wale wa Minneapolis ndio waliosisitiza ya bila hodi.

Haki mbili zinapogongana gizani

Tazama kisheria kinachotokea katika sekunde hizo. Majimbo mengi ya Marekani yanamruhusu mtu kumpiga risasi mvamizi wa nyumbani usiku. Katiba inamruhusu kuwa na bunduki. Wakati huo huo sheria inamruhusu askari mwenye hati kuvunja mlango, na kumpiga risasi anayemwelekezea silaha. Kila mmoja yuko ndani ya haki yake kwa kadiri ya anachokijua. Kilichokosekana ni taarifa moja tu, kwamba anayeingia ni polisi, na hiyo ndiyo taarifa ambayo hati ya bila hodi imeagiza isitolewe.

Anayebaki hai baada ya hapo hana uhakika wa lolote. Texas ilitoa mfano mara mbili ndani ya miezi mitano. Desemba 2013, katika kaunti ya Burleson, mwanamume Mzungu alimuua askari aliyevunja mlango wake alfajiri. Jopo la raia lilikataa kumshtaki kwa mauaji, kwa kuwa aliamini analinda familia. Mei 2014, mjini Killeen, mwanamume Mweusi alimuua askari katika msako wa alfajiri wa bila hodi. Alikaa rumande zaidi ya miaka tisa akingoja kesi, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kila kesi ina mambo yake, lakini mtu anayezisoma zote mbili ana haki ya kuuliza kwa nini hofu ya mmoja iliaminiwa na ya mwingine haikuaminiwa.

Polisi wana hoja zao, na zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ushahidi: ukigonga, dawa zitamwagwa. Lakini kiasi kinachoweza kumezwa na choo ndani ya nusu dakika ni kidogo. Shehena kubwa haipiti katika bomba. Maana yake ni kwamba nguvu kubwa kuliko zote hutumika kuokoa ushahidi mdogo kuliko wote. Hoja ya pili ni usalama: mhalifu mwenye silaha asipewe muda wa kujiandaa. Ina uzito pale mateka anapokuwa ndani, au mtu anapoendelea kuua, na hakuna mtu mwenye busara anayetaka askari wasimame mlangoni hapo. Kwa mshukiwa wa kawaida kuna njia zilizozoeleka: kumkamata akiwa barabarani au anatoka kazini, au kuizingira nyumba na kumwita kwa kipaza sauti atoke. Njia hizo huchukua saa kadhaa. Zinahitaji subira, na subira haina picha nzuri ya televisheni. Detroit, Mei 2010, msako uliomuua msichana wa miaka saba aliyelala kwenye kochi ulikuwa umeandamana na watengenezaji wa kipindi cha televisheni.

Nani alipe mlango

Baada ya kifo cha Taylor, baraza la Louisville lilipiga marufuku hati za bila hodi Juni 2020 bila kura hata moja ya kupinga, na jiji likakubali kuilipa familia dola milioni 12. Virginia ilipiga marufuku mwaka huo huo. Oregon haikuwa ikiziruhusu, na Florida ilizikataa kwa hukumu ya mahakama yake ya juu tangu mwaka 1994. Septemba 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwazuia maofisa wake kuomba hati hizo isipokuwa pale kugonga kutakapohatarisha maisha mara moja. Kuharibiwa kwa ushahidi pekee kulibaki sababu ya nadra tu, yenye kuhitaji idhini ya wakubwa. Hilo lilikuwa badiliko la maana, kwani liliurudisha uhai mbele ya kokeni.

Lakini njia ya fidia ambayo Jaji Scalia aliisifu ni ndefu mno. Oktoba 2017, kabla ya mapambazuko, maofisa wa FBI walivunja mlango wa nyumba ya familia moja Atlanta na kurusha guruneti la kishindo. Mama na mwenzake walijificha kabatini. Mwanawe wa miaka saba alikuwa chumba kingine. Nyumba haikuwa yenyewe. Waliyoitafuta ilikuwa mtaa wa karibu. Familia ilipodai fidia, mahakama za chini zilisema serikali haiwezi kushtakiwa. Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, iliwaondolea kizuizi kimoja na kuirudisha kesi chini ikasikilizwe upya. Karibu miaka minane ilikuwa imepita kwa kosa ambalo maofisa wenyewe waliliona siku ile ile.

Sheria zetu za mlango

Wakoloni wa Kiingereza waliileta kanuni ya Semayne Afrika Mashariki kupitia sheria za mwenendo wa makosa ya jinai. Sheria ya Kenya inamruhusu askari kuvunja mlango au dirisha pale tu anapokuwa ametaja mamlaka yake na alilokuja nalo, ameomba kuingia, na amenyimwa njia. Inaongeza sharti ambalo mtu wa Mombasa ataona lilimfikiria: chumba kikiwa cha mwanamke ambaye kwa desturi hajitokezi hadharani, na si yeye anayetafutwa, askari lazima kwanza amwarifu kwamba yuko huru kuondoka na amwezeshe kufanya hivyo. Hati ya upekuzi inatekelezwa kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Sheria ya Tanzania ina sharti kama hilo la mchana, na inadai mashahidi na stakabadhi ya vilivyochukuliwa. Ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji huitwa. Juu ya hayo zipo Katiba: ibara ya 31 ya Kenya inalinda nyumba dhidi ya upekuzi, na ibara ya 16 ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na maskani yake.

Tena, katika jambo la tokeo sheria zetu ni kali kuliko Marekani ya baada ya 2006. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki uondolewe kama utaharibu usawa wa kesi au kuidhuru haki. Sheria ya Tanzania inaipa mahakama uwezo wa kukataa ushahidi uliopatikana kinyume cha utaratibu, na Mahakama ya Rufani imewahi kuondoa vielelezo kwa sababu upekuzi haukuwa na hati.

Karatasi hizo hazikumwokoa Samantha Pendo. Alikuwa na miezi sita, Agosti 2017, polisi walipopita nyumba kwa nyumba Nyalenda, Kisumu, usiku wa vurugu za baada ya uchaguzi. Hawakuwa na hati ya nyumba ile. Mlango ulipigwa, moshi wa machozi ukaingia, wazazi wakapigwa virungu, na mtoto akapigwa kichwani akiwa mikononi mwa mama yake. Alifariki baada ya siku chache. Februari 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alibainisha kwamba makamanda watano wa polisi wawajibike, na mwaka 2022 ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ilitangaza kuwashtaki maofisa kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Msako wa Kisumu haukuwa wa Louisville. Kule kulikuwa na hati mbovu, hapa hapakuwa na hati kabisa. Lakini aliye ndani anakabiliwa na giza lile lile.

Ndugu wasikilizaji, yanayotakiwa kufanywa yanajulikana. Kuingia bila hodi kubakie kwa hali moja, uhai wa mtu kuwa hatarini wakati ule, na sababu zake ziandikwe kabla. Muda wa kusubiri upimwe kwa miguu ya mzee anayetoka kitandani. Anayeomba hati aulizwe kwa kiapo kama amehakiki anwani, nani anaishi humo, na kama kuna watoto. Kiapo cha uongo kiwe kosa la jinai linaloshtakiwa hata asipokufa mtu, kwa sababu Atlanta na Houston uongo ulifichuliwa na maiti.

Kwa Kenya na Tanzania kazi ni nyepesi kwenye vitabu na nzito barabarani. Sharti la mchana lipo. Mahakimu waache kutoa ruhusa ya usiku kwa sentensi moja. Sharti la mashahidi lipo. Mwenyekiti wa mtaa aitwe kabla mlango haujafunguliwa, asiitwe baadaye kutia saini. Kila kituo cha polisi kiandike na kichapishe kila mwaka nyumba ngapi kilizipekua, ngapi usiku, ngapi bila hati, na ngapi hakikukuta kitu. Takwimu hizo zikiwa mezani, Bunge la Nairobi na la Dodoma, kamati za haki za binadamu na mawakili wa kawaida watakuwa na kitu cha kuhoji, na familia iliyovunjiwa mlango kwa makosa itajua wapi pa kupeleka hesabu ya hasara yake.